Kazi Iliyofundishwa na Malipo Yake
Somo kwa vijana wa Bunia na wakulima wa Djugu na Mahagi

Wewe kijana wa Bunia, na wewe mkulima uliyeshuka kutoka Djugu au Mahagi, somo hili ni lako. Katika masomo mengine tumesema habari za udongo, mbegu na mbolea. Leo twataka kusema habari za mtu mwenyewe. Watu wawili wana nguvu sawa, huamka saa moja na kurudi nyumbani saa moja, nao hawapati malipo sawa. Kwa nini?

Wengi hujibu upesi. Mmoja husema, "Ni bahati." Mwingine husema, "Yule ana ndugu yake katika bilo." Hatukatai. Ndugu wa bilo wapo, nasi twawajua. Lakini ukiwatoa hao, hubaki watu wengi wasio na ndugu mkubwa, na hata kati yao mmoja hupata zaidi ya mwenzake. Hao ndio tutakaowatazama.

Tuanze na kahawa, maana kila mtu wa milima ya Ituri anaijua, au anadhani anaijua.

Tuseme wewe na jirani yako mmevuna kilo 100 za kahawa nyekundu kila mmoja. Miti ni ya aina moja, mvua ni moja. Wewe unauza kahawa yako nyekundu siku ile ile. Jirani anaimenya, anaiosha, anaikausha, kisha anaiuza ikiwa katika ganda lake la ndani, kavu. Kumbuka hesabu hii: kilo 100 za kahawa nyekundu zikitengenezwa vizuri hutoa karibu kilo 20 za kahawa kavu yenye ganda la ndani, na zikikobolewa hutoa karibu kilo 16 za punje safi. Maji na nyama ya tunda vimekwenda, usifikiri umeibiwa.

Sasa tuweke bei. Bei hizi ni za kujifunza hesabu tu. Ukifika nyumbani weka bei za soko lako. Tuseme kahawa nyekundu hulipwa faranga 1,000 kwa kilo. Wewe unapata faranga 100,000. Tuseme kahawa kavu iliyooshwa vizuri hulipwa 7,000 kwa kilo. Jirani yako ana kilo 20, basi anapata 140,000. Atoe faranga 8,000 za kukodi mashini ya kumenya. Amekupita kwa faranga 32,000. Kazi yake ilikuwa nini? Jioni moja ya kumenya, asubuhi moja ya kuosha, kisha siku 12 za kugeuza kahawa mezani, saa moja moja au zaidi kidogo. Ukizikusanya saa zote ni kama siku nne za kazi. Amelipwa faranga 8,000 kwa siku, juu ya kahawa yenyewe.

Usikimbilie kununua mashini bado. Yuko jirani wa tatu. Yeye naye alimenya, akaosha na kukausha, lakini hakufundishwa. Kahawa yake ina punje nyeusi, ina harufu ya siki, na nyingine imepasuka. Mnunuzi anampa 4,500 kwa kilo. Kilo 20 ni faranga 90,000. Toa 8,000 za mashini: 82,000. Huyu amefanya kazi siku nne zaidi yako, naye amepata pungufu kuliko wewe uliyeuza siku ya kwanza na kwenda kulala.

Soma tena habari za jirani huyu wa tatu, kwa sababu watu wanaofundisha faida ya kazi mara nyingi humsahau. Husema, "Ongeza kazi, utaongeza mali." Si kweli kila mara. Kazi isiyo na ujuzi inaweza kukuondolea hata kile ulichokuwa nacho.

Ujuzi wenyewe uko wapi? Hauko katika mashini. Mtoto wa miaka 12 anaweza kuzungusha mkono wa mashini. Ujuzi uko katika macho, vidole na saa.

Kwanza, kuvuna. Chuma nyekundu peke yake. Kijani haina utamu, nayo huharibu mashini na kikombe. Kisha mimina kahawa katika maji: zinazoelea ni tupu au zimeliwa na mdudu, ziondoe, uzikaushe mbali.

Pili, menya siku ile ile uliyovuna. Kahawa nyekundu ikilala katika gunia hupata moto ndani, nayo huanza kuoza usiku.

Tatu, kuchachua. Hapa ndipo wengi huanguka. Baada ya kumenya, punje ina utelezi. Utelezi huo lazima ulegee katika birika kabla ya kuosha. Itachukua saa ngapi? Mtu asiyejua atakuambia, "Saa 24." Lakini mahali penye joto huweza kutosha saa 12 au 14, na juu milimani penye baridi huweza kufika saa 36. Saa ya ukutani haikujibu. Vidole vyako ndivyo vinavyojibu. Chukua kahawa kiganjani, iponde kwa maji kidogo na kuisugua. Ikiteleza bado, ngoja. Ikikwaruza kama changarawe, osha sasa hivi, hata kama ni saa nane ya usiku. Ukisema "nitaosha asubuhi", punje zitaanza kunuka, na punje chache zinazonuka hutosha kuharibu kikombe cha mnunuzi.

Mimi ninayeandika somo hili niliharibu birika zima kwa njia hiyo mwaka wa kwanza wa kazi yangu. Nilikuwa nimeandika saa katika daftari, nikaliamini daftari. Mama mmoja mzee aliyekuwa akiosha karibu nami alitia mkono, akanusa, akaniambia, "Mwanangu, hii imekwisha kufa tangu usiku." Hakujua kusoma. Siku ile mimi mwenye daftari nilikuwa mwanafunzi wake.

Nne, kukausha. Kausha juu ya meza ya wavu au ya mikeka, kwa tabaka jembamba, ukigeuza mara kwa mara. Siku za kwanza funika wakati wa jua kali la mchana, ili ganda lisipasuke; funika pia usiku na wakati wa mvua. Siku 10 hadi 15 zinatosha kwa kawaida. Kahawa iliyo tayari ina maji kiasi cha 11 au 12 katika 100. Kama huna kipimo, menya ganda, uma punje kwa meno: ikiwa jino laingia, bado, ikiwa ni ngumu na jino laacha alama ndogo tu, iko karibu tayari. Usianike kahawa kando ya barabara. Vumbi la magari, mavi ya mbuzi na mafuta yaliyomwagika vyote huingia ndani yake. Wala usiiweke ghala moja na samaki makavu kutoka Kasenyi au na bidoni ya petroli. Kahawa huvuta harufu kama nguo.

Mambo haya yote mtu anaweza kujifunza katika msimu mmoja, akiwa na mtu wa kumwonyesha. Kwa kusoma peke yake, hapana. Kitabu hiki kitakuambia "kama changarawe", lakini vidole vyako havitajua mpaka vimeshika.

Tena kuna jambo la kuuliza kabla hujaanza. Je, yuko mnunuzi anayelipa kahawa safi zaidi ya kahawa chafu? Mahali pengine wafanyabiashara humimina zote katika gunia moja na kulipa bei moja. Hapo jirani wa pili atafanya kazi bure. Kahawa nyingi ya milima yetu imekuwa ikivuka mpaka, ikauzwa Paidha na masoko mengine ya Uganda, ikachanganywa huko, na jina lake likapotea. Mkulima mmoja mwenye kilo 20 hana sauti mbele ya lori. Wakulima 50 wanaoosha kwa namna moja, wenye ghala moja na mizani yao wenyewe, wanaweza kumwita mnunuzi aje kwao. Kwa hiyo ujuzi wa kuosha hutaka ujuzi mwingine pembeni yake: kuandika hesabu, kuendesha mkutano, kukataa bei mbaya bila kugombana. Tumeona vyama vilivyojua kuosha vikafa kwa sababu hakuna aliyejua kuandika daftari la fedha.

Na nani afundishwe? Katika nyumba nyingi mama na mabinti ndio wanaochuma, wanaoosha na kugeuza kahawa mezani. Siku ya mafunzo anakuja baba. Siku ya kuuza anakwenda baba. Mama hajui bei, hajui kwa nini kahawa ya juzi ilikataliwa, naye kesho ataosha vile vile kama jana. Hili ni kosa la hesabu kabla ya kuwa kosa la heshima. Mkono unaofanya kazi ndio unaopaswa kuambiwa kazi imelipwaje. Baba, ukienda kwenye mafunzo, nenda na mke wako. Kama nafasi ni moja, fikiri vizuri ni nani kati yenu anayetia mkono katika birika.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana watu wa Ituri hawakuanza jana kulipwa kwa ujuzi, wala hawakuanza jana kunyimwa.

Wakati wa Wabelgiji, mwaka 1917, Bula Matari aliweka amri ya kilimo cha lazima. Kila mtu wa kijiji aliweza kulazimishwa kufanya kazi katika shamba la mazao yaliyochaguliwa na Leta, siku 60 kwa mwaka. Wakati wa vita, mwaka 1942, zikafanywa 120. Mwenye jembe alionyeshwa mistari, akaonywa kwa fimbo au gereza. Hakuambiwa bei ilitoka wapi. Kando yake alisimama moniteri wa shamba, Mwafrika kama yeye, aliyefundishwa kusoma, kupima shamba kwa kamba na kuandika. Moniteri alilipwa mshahara wa mwezi. Jua lilikuwa lile lile. Tofauti ilikuwa mafunzo machache, na ruhusa ya kuyapata.

Hiyo ruhusa ndiyo neno. Mwaka 1933 Wabelgiji waliunda INEAC, taasisi ya uchunguzi wa kilimo, ambayo leo jina lake ni INERA. Nayo ilikuwa na kituo huku kwetu Nioka, katika teritware ya Mahagi. Kituo kingali Nioka, ingawa vita vimekiumiza mara nyingi. Watu wetu waliofanya kazi katika vituo kama hicho walijifunza kuchagua mbegu, kupandikiza miche, kutunza ng'ombe. Lakini cheo cha agronomu kilikuwa cha Mzungu. Shule nyingi ziliishia chini, na universite ya kwanza ya Kongo, Lovanium, ilifunguliwa mwaka 1954 tu. Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Wakongo waliokuwa wamemaliza universite hawakufika 30 katika nchi nzima. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba wazee wetu walipata mshahara mdogo kwa kuwa hawakupenda kujifunza. Mlango ulikuwa umefungwa, na aliyeufunga ndiye aliyepanga mishahara.

Halafu tazama mwaka 1973. Tarehe 30 Novemba Mobutu alitangaza kwamba mashamba makubwa na maduka ya wageni yatakuwa mali ya wananchi. Katika Ituri mashamba ya kahawa na ya ng'ombe yalipata wenyewe wapya, wengi wao watu wakubwa. Shamba lilikuja na miti, na birika, na mashini. Ujuzi haukuandikwa katika ile karatasi. Katika Zaire yote mashamba mengi yalianguka kwa muda mfupi, hata Leta ikaanza kuwarudishia wageni sehemu ya mali mwaka 1976. Waliojua kazi walikuwako: makapita, watu wa mashini, mama wa meza za kukaushia. Lakini mwenye karatasi na mwenye ujuzi walikuwa watu wawili, na mara nyingi mwenye karatasi hakumwuliza mwenye ujuzi wala hakumlipa. Habari ya ardhi ile iliendelea kuleta maneno makali, na mwisho damu. Hiyo ni habari ndefu kuliko somo hili.

Msomaji atasema, "Moniteri, unasema kahawa, nami naona dhahabu." Vema. Tuseme dhahabu.

Dhahabu ya Kilo ilionekana mwaka 1903, na kampuni ya Kilo-Moto iliundwa mwaka 1926. Mwaka 1982 sheria ya Zaire iliwafungulia wananchi kuchimba kwa mikono yao, na tangu hapo vijana wengi wa Ituri wamekwenda shimoni. Hatutakucheka. Kahawa hutaka miaka mitatu kabla ya kuzaa vizuri. Shimo linaweza kukulisha wiki hii. Mtu aliyekimbia kijiji hana miaka mitatu ya kungoja.

Lakini hata ndani ya shimo watu hawalipwi sawa. Anayebeba mawe ni wengi, naye hupata fungu dogo. Anayejua kuweka miti ya kuzuia ukuta usianguke ni mmoja, naye huombwa. Anayejua kutengeneza pampu ya maji huitwa kutoka shimo jingine. Na yule anayepata kwa hakika kuliko wote hashuki kabisa: ni mwenye mizani.

Hapa tuna hesabu nyingine. Tola moja ni gramu 11.66. Dhahabu safi kabisa huitwa karati 24. Dhahabu yako mara nyingi ina fedha nyeupe ndani yake. Tuseme ni ya karati 22. Mnunuzi anaitazama, anaisugua kidogo, anasema, "Hii ni 20." Wewe huna la kujibu. Kwa neno hilo moja amechukua karibu gramu moja nzima ya dhahabu safi katika kila tola. Mahali pengine mizani hupimwa kwa vijiti vya kiberiti na sarafu za zamani. Umechimba siku sita, na siku ya sita umelipa karo ya shule ambayo hukusoma.

Kuna ujuzi unaofundishika. Pima dhahabu hewani, kisha ipime ikining'inia ndani ya maji kwa uzi mwembamba. Tola moja ya dhahabu safi hupungua karibu gramu 0.60 katika maji. Ile ya karati 22 iliyochanganyika na fedha nyeupe hupungua karibu 0.65. Kadiri inavyozidi kupungua, ndivyo kilichochanganyika kilivyo kingi. Mizani midogo inayoonyesha sehemu za gramu, kikombe cha maji, na kijana mmoja anayejua kugawanya: wachimbaji kumi wakishirikiana kununua mizani hiyo, bei haitapangwa tena na jicho la mtu mmoja. Na mkiwa mnatumia zebaki, msiichome nyumbani wala karibu na watoto. Mvuke wake huharibu akili na mikono, nayo mikono ndiyo mali yenu.

Sasa maneno kwa wewe uliye mjini na diploma mfukoni. Umesoma miaka 12, umeshinda mtihani wa Leta, wajua kuandika barua ya kuomba kazi kwa Kifaransa kizuri. Umepeleka barua 20. Bunia ina karatasi nyingi na bilo chache. Wengine wakikutazama husema, "Basi shule haina maana." Wanakosea. Tangu mwaka 2019 shule ya msingi ya Leta hailipishwi karo, na mtoto asipelekwe shimoni kwa sababu kaka yake amekosa bilo. Asiyesoma hawezi kusoma maandishi ya chupa ya dawa ya mimea. Anaweza kupiga dawa mara mbili ya kipimo, akapoteza fedha na afya. Shule imekupa ufunguo. Kosa ni kukaa umeushika, ukingoja mtu akuonyeshe mlango.

Tazama kazi ya motari. Kijana anauza dhahabu kidogo, ananunua pikipiki, anabeba watu kutoka soko hadi uwanja wa ndege. Kazi ni njema. Lakini kuendesha hujifunzwa kwa siku chache, kwa hiyo kila kona ina motari kumi wakigombea mtu mmoja, na bei inashuka. Kutengeneza injini ya pikipiki ile ile hujifunzwa kwa mwaka mmoja au miwili. Kwa hiyo mafundi ni wachache, na motari wote kumi lazima wapite kwao. Ukitaka kuchagua kazi, jiulize maswali mawili: inachukua muda gani kuijua, na ni nani atakayenihitaji nikiijua? Kazi inayojulikana kwa wiki moja italipwa kama kazi ya wiki moja. Kazi ngumu isiyohitajiwa na mtu yeyote haitalipwa kabisa.

Fundi wa kuchomea vyuma, seremala wa mbao za msitu wa Mambasa, mshona nguo, mtengeneza friji, mwenye kujua kuchachua kakao: hao Bunia inawahitaji. Kakao tunaitaja kwa makusudi. Baada ya ugonjwa wa kunyauka kuua kahawa ya robusta katika nchi za chini miaka ya 1990, wakulima wengi wa Mambasa na Beni waligeukia kakao. Kakao nayo ina siri kama ya kahawa: punje zichachuke siku tano au sita katika sanduku, zikigeuzwa, kisha zikauke vizuri. Anayezikausha mbichi bila kuchachua anauza mbegu chungu.

Kabla hujalipa fedha za kujifunza kwa fundi, mtembelee kwanza bila kusema neno. Keti barazani mwake siku moja. Tazama kama wanafunzi wake wanashika vyombo, au wanafagia na kununua maji mwaka mzima. Uliza waliomaliza mwaka jana wanafanya kazi wapi. Kama hakuna anayeweza kukutajia hata mmoja, rudi nyumbani na fedha zako. Andikeni mapatano mbele ya mashahidi: miezi mingapi, fedha ngapi, na mwisho utajua kufanya nini. Leta nayo ina INPP, taasisi ya kufundisha kazi iliyoundwa mwaka 1964. Uliza habari zake kabla ya kuwaamini wenye vibao vya rangi.

Twajua shida iliyo kubwa kuliko karo. Ni chakula cha wakati wa kujifunza. Mwanafunzi wa ufundi halipwi, na nyumbani wanangoja. Hatuna dawa ya uchawi. Wengine hufanya kazi ya kulipwa asubuhi na kujifunza mchana. Wengine, ndugu watatu, hukubaliana: wawili watalisha nyumba miezi sita, mmoja ajifunze, kisha aliyejifunza awashike mkono wale wengine. Mapatano ya namna hii yasemwe wazi, na baba au mjomba awe shahidi, maana aliyejifunza husahau upesi.

Na wewe uliyekimbia. Tangu Desemba 2017 watu wengi wa Djugu wameacha nyumba, ng'ombe na miti ya kahawa yenye matunda, wakaja Bunia na nguo za mwilini. Tumeongea na wengi. Mwenye mashamba matatu na asiye na shamba walisimama katika mstari mmoja wakingoja unga. Lakini baada ya miezi michache mstari ulianza kubadilika. Aliyejua kushona aliazima cherehani. Aliyejua kuchoma matofali alipata mwenye kiwanja. Mama aliyejua kutengeneza sabuni alianza na kipimo kimoja cha mafuta. Hawakutajirika, nasi hatutakudanganya. Wengine wangali katika hema. Ila walikuwa wamevuka na kitu ambacho hakikuchomwa pamoja na nyumba. Kama umo kambini na una ujuzi, mfundishe kijana mmoja hapo hapo, ukingali na nguvu. Kama huna, usingoje amani ndipo uanze kujifunza.

KAZI YA KUFANYA KABLA YA SOMO LINALOFUATA

Chukua kilo 10 za kahawa nyekundu iliyochumwa vizuri. Ziweke majini, uondoe zinazoelea, upime tena zilizobaki, uandike uzito. Menya siku ile ile. Andika saa uliyoanza kuchachua na saa ambayo vidole vyako vilisikia changarawe. Andika pia kama usiku ulikuwa wa baridi au wa joto. Osha, kausha, pima. Je, umepata karibu kilo 2? Kama umepata pungufu sana, tafuta ilipopotea: katika mashini, katika maji, au mdomoni mwa mbuzi?

Kisha nenda sokoni, uulize bei ya kahawa nyekundu na bei ya kahawa kavu siku moja, kwa mnunuzi mmoja. Zidisha bei ya nyekundu mara tano. Kama bei ya kahawa kavu haipiti jibu hilo, mwaka huu uza nyekundu, ukatumie siku zako nne kwa kazi nyingine. Kama inalipita, hesabu ni kiasi gani kwa kilo, uandike chini ya daftari, na siku ya somo uje nalo pamoja na kahawa yako kidogo katika kikombe, tuinuse wote.